Farasi Si Ng'ombe: Maswali Mnayoniuliza Kila Mara Kuhusu Chakula na Afya ya Farasi Hapa Uganda

Jamani, kila wiki napigiwa simu za maswali yale yale. Mtu kaachiwa farasi na bosi aliyerudi kwao Ulaya, mwingine kanunua wawili wa kutembeza watoto wikendi, mwingine yuko Mbarara ana ng'ombe hamsini na farasi mmoja na anadhani huyo farasi ni ng'ombe wa hamsini na moja. Hapo ndo shida nyingi zinapoanzia. Nchi yetu inajua ng'ombe sana, dawa za dukani ni za ng'ombe, chakula ni cha ng'ombe na kuku, hata dokta wa mifugo wengi siku nzima wanashinda na ng'ombe, kwa hiyo farasi anapewa ya ng'ombe na anakufa mikononi mwa mtu anayempenda kabisa. Nimekuwa saisi, yani mtunza farasi wa watu, miaka mingi kabla sijafuga wa kwangu, nimezika farasi ambao hawakustahili kufa, ndo maana nayaandika haya yote mahali pamoja.

Farasi mmoja anakula kiasi gani kwa siku?

Kama asilimia 2 ya uzito wake, ukihesabu chakula kikavu. Farasi wa kilo 400 ni kilo 8 za nyasi kavu, akiwa wa kazi nzito inafika kilo 10, na hata ukimpunguza unene usishuke chini ya kilo 6. Kama anakula majani mabichi kumbuka majani ni maji matupu, sehemu kubwa sana, kwa hiyo zile kilo 8 kavu ni kama kilo 40 za majani yaliyokatwa leo. Mtu anakata kifurushi kimoja cha boda anasema farasi ameshiba, hajashiba huyo.

Tumbo lenyewe ni dogo, linabeba kama lita 8 mpaka 15 tu, na limeumbwa kupokea kidogo kidogo mchana na usiku. Ng'ombe anajaza tumbo afu analala anacheua, farasi hacheui. Akikaa masaa mengi bila kitu, asidi inaanza kumla tumbo lake mwenyewe. Kwa hiyo mgawie mara nyingi, na usiku mwachie nyasi za kutosha mpaka asubuhi.

Nitajuaje uzito wake na sina mizani?

Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma kidogo ya miguu ya mbele, upate sentimita. Hiyo namba izidishe kwa yenyewe, afu izidishe kwa urefu wa mwili kutoka nchani mwa bega mpaka mwisho wa tako, jibu ligawe kwa 11,880. Mfano kifua 160, urefu 155, unapata kama kilo 334. Iandike na tarehe, kila mwezi rudia. Hiyo namba utaihitaji kwenye chakula na kwenye kila dawa, na wengi wanaokadiria kwa macho wanakosea mbali sana.

Mimi nina matete kibao nyuma ya nyumba, si ale hayo tu?

Ale, lakini yasiwe hayo tu. Matete, yale Waganda wanaita ebisagazi, na hata setaria na kikuyu, yana kitu kinaitwa oksaleti ambacho kinashika kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Farasi akila hayo peke yake miezi na miezi, mwili unaanza kunyonya kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, anachechemea leo mguu huu kesho ule, afu uso unavimba pande mbili juu ya taya, mfupa kabisa umevimba. Ng'ombe kwenye majani hayo hayo anapona kwa sababu vijidudu vya tumbo lake vinavunja oksaleti kabla haijamdhuru.

Nyasi nzuri kwetu ni Rhodes, ile wanayofunga marobota, oksaleti yake ni kidogo. Ongeza lusani (alfalfa) kidogo kama unaipata, ina kalsiamu nyingi. Na matete yakate machanga na uyakatekate, yale yaliyokomaa yakawa kama miti yanaziba utumbo.

Pumba za mahindi je? Mbona kila mtu anawapa?

Kila mtu anawapa kwa sababu ni rahisi kupata. Pumba ina fosforasi nyingi mno na kalsiamu kidogo mno, na farasi anataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi, bora karibu mara mbili. Ukichanganya matete na pumba kila siku unamharibia mifupa kutoka pande mbili, na huo ndo mlo wa farasi wengi nilioukuta Wakiso na Mukono. Ukitaka kumpa pumba iwe kidogo, ilowekwe, na iwekewe chokaa ya mifugo kwa kipimo cha dokta. Nimesema chokaa ya mifugo, siyo ya kupaka ukuta, kuna mtu alishaniuliza.

Nafaka ya aina yoyote usizidishe kilo 2 kwa mlo mmoja. Na farasi asiyefanya kazi hahitaji nafaka kabisa, nyasi zinamtosha.

Imebaki mash ya kuku, au chakula cha ng'ombe wa maziwa. Nimpe isiharibike?

Usimpe, hata kiganja. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe vinawekwa monensini, dawa ya kuzuia kuhara damu kwa vifaranga na kuongeza uzito kwa ng'ombe. Kuku anaivumilia, ng'ombe anaivumilia, farasi inamuua, inaharibu misuli ya moyo. Kiasi kidogo sana kinatosha, na dawa ya kuiondoa haipo. Hata akipona siku hiyo moyo unaweza kubaki na kovu, akaanguka miezi baadaye mtu yuko mgongoni.

Shida ingine ni mashine. Kinu kile kile kinasaga cha kuku asubuhi na jioni kinakusagia cha farasi, mabaki yanachanganyika. Mimi nanunua nafaka nzima, nasagisha kinu cha posho ya watu, nachanganya mwenyewe nyumbani.

Mahindi yana ukungu kidogo tu, nikiyaanika juani si yanafaa?

Hayafai. Jua linakausha ukungu, sumu inabaki pale pale. Sisi tunajua sumukuvu, mwaka 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, lakini kwa farasi kuna ingine mbaya zaidi inaitwa fumonisini, inatoka kwa ukungu wa pinki au mweupe kwenye mahindi na inayeyusha ubongo wa farasi. Anaanza kuzunguka, anagonga ukuta, haoni, midomo imelegea, siku moja mbili amekufa. Mara nyingi huwezi hata kuuona huo ukungu kwa macho, ndo maana mimi mahindi nimeacha kabisa kwa farasi wangu. Nyasi kavu zenye ukungu nazo tupa, zinaharibu mapafu.

Na maganda ya matoke, machicha, ovakado, miwa?

Maganda ya matoke machache, safi, ya leo, yaliyokatwa vipande, sawa. Yale ya gunia kutoka sokoni yaliyoanza kuchacha na yana kaveera (mifuko ya plastiki) ndani, hapana. Machicha ya pombe na sileji (majani yaliyovundikwa) waachie ng'ombe, sileji iliyoharibika inaleta sumu inayolegeza misuli yote mpaka farasi anashindwa kumeza na kupumua. Molasi kijiko cha kunogesha dawa, sawa. Muwa kipande kimoja kimoja.

Ovakado hapana, tunda wala majani wala gome. Najua Uganda kila ua una mti wa ovakado, lakini usimfunge farasi chini yake. Uangalie pia mbarika na lantana, ile ya maua ya rangi rangi kwenye fensi. Na mkifyeka uwanja msimmwagie rundo la nyasi zilizofyekwa, linapata moto na kuchacha haraka na anameza bila kutafuna.

Maji na chumvi?

Maji lita 20 mpaka 40 kwa siku, yani jerikeni moja mpaka mbili, na siku ya jua kali na kazi inafika tatu. Osha ndoo kila siku, farasi akisikia harufu hanywi, na asiyekunywa ndo wa kwanza kuumwa tumbo. Chumvi ya kawaida ya jikoni vijiko viwili vya mezani kwa siku, akitoka jasho sana ongeza. Jiwe la madini la ng'ombe usimwekee mpaka usome lebo, mengine yana dawa zile zile nilizosema hapo juu.

Anajigaragaza chini, anaangalia ubavu, hataki kula. Nifanye nini?

Hili ndo swali ninaloogopa kuliko yote, na huwa linakuja saa nne usiku. Huo ni msokoto wa tumbo, na wengi wanapona wakiwahiwa, ila usikae kusubiri uone asubuhi.

Cha kwanza ondoa chakula chote. Angalia saa, andika umemkuta vile saa ngapi. Angalia kama kuna mavi mapya bandani na yakoje. Weka sikio ubavuni pande zote mbili, tumbo la farasi mzima linanguruma kila wakati, likiwa kimya kabisa hiyo ni mbaya. Funua mdomo, ufizi uwe wa pinki na wenye unyevu, ubonyeze kwa kidole, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Hesabu mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, farasi aliyetulia ana 28 mpaka 44 kwa dakika. Ukikuta yamepita 60 mwambie dokta hiyo namba kwenye simu, ataelewa aje mbio.

Mtembeze polepole kama anajitupa vibaya, dakika kumi kumi, siyo usiku kucha mpaka aishiwe nguvu. Akilala kimya mwache alale.

Sasa usichofanya. Usimnyweshe mafuta kwa chupa. Najua ng'ombe akivimba tumbo tunamnywesha mafuta ya kupikia na anapona, lakini farasi mwenye maumivu yale mafuta yanaingia mapafuni. Dokta ana mpira wa kupitisha puani mpaka tumboni, hiyo ndo njia. Soda, majivu, dawa ya kienyeji ya kunywesha, yote hapana. Farasi hawezi kutapika, umbile lake halimruhusu, gesi ikizidi tumbo linapasuka. Na usichome ubavu kwa kisu kama mnavyotoboa ng'ombe. Sindano ya maumivu usimpe bila kuongea na dokta, sababu inaficha dalili na yeye akifika anaona farasi ametulia kumbe utumbo umeshajisokota.

Sababu nyingi ziko mikononi mwetu: chakula kimebadilishwa ghafla (badilisha polepole siku 7 mpaka 10), maji kidogo, minyoo, meno mabovu, kula mchangani.

Kupe wamemjaa masikioni. Nimwogeshe dawa ya ng'ombe?

Tulikuwa na farasi jike mwekundu, mpole, mtoto wa miaka minne alikuwa anamshika kamba. Kijana mpya bandani alimwogesha pamoja na ng'ombe siku ya dawa, kwa moyo mzuri tu, kupe walikuwa wamezidi. Siku mbili baadaye farasi ameacha kunya, tumbo limekuwa kama gunia la saruji, tukahangaika naye siku tano tukampoteza. Dawa ilikuwa na amitrazi. Kijana hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia.

Amitrazi inasimamisha utumbo wa farasi. Iko kwenye dawa nyingi za kuogesha ng'ombe hapa Uganda na majina ya biashara ni mengi, kwa hiyo usishike jina, soma maandishi madogo kwenye chupa. Ukiona amitrazi, weka mbali na farasi na punda, pampu ya kunyunyizia nayo iwe nyingine kabisa.

Badala yake watoe kwa mkono kila asubuhi, masikioni, chini ya mkia, kwenye manyoya ya shingo, katikati ya mapaja. Ni kazi ya robo saa. Kama lazima dawa, tafuta yenye pamethrini ambayo lebo inataja farasi. Na usidharau kupe, wanaleta homa ya kupe ya farasi: joto kali, ufizi wa njano au mweupe, mkojo mwekundu. Hiyo ni ya dokta siku hiyo hiyo.

Anakonda, homa inakuja inaondoka, miguu na tumbo vimevimba chini.

Kama uko karibu na ziwa, Busoga, au mbuga, fikiria mbung'o kwanza. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa farasi ni kali kuliko kwa ng'ombe wetu. Apimwe damu. Ile dawa ya njano ya kuchoma ng'ombe (diminazini), farasi na punda hawaivumilii vizuri, ukizidisha kidogo unamuumiza, kwa hiyo dokta achome kwa uzito uliopimwa, na hapo utepe wako unafanya kazi. Mbung'o wanauma mchana na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, basi usimvalishe farasi blanketi la bluu.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika ni upi, na chanjo ipo?

Ni kirusi kinachoenezwa na visubi, vile vidogo kuliko mbu, vinavyozaliana kwenye tope na samadi. Pundamilia anakaa nacho bila kuonyesha chochote, na sisi pundamilia tunao Ziwa Mburo na Kidepo. Punda naye mara nyingi haonyeshi. Farasi asiye na kinga akikipata, wengi wao wanakufa. Jana amekula vizuri, leo ana homa, anahema, povu linatoka puani, au lile bonde juu ya jicho limejaa limevimba. Dawa ya kutibu hakuna. Chanjo inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, kwa hiyo ongea na dokta mapema, msisubiri mvua ianze. Visubi vinauma jioni na alfajiri, ingiza farasi bandani kabla jua halijazama na umtoe likishapanda, weka wavu, na rundo la samadi lisogeze mbali.

Chanjo zingine?

Pepopunda. Jina lenyewe linakwambia, farasi na punda ndo wanaoipata vibaya kuliko wanyama wote wa nyumbani. Msumari kwenye kwato, waya wa fensi, kidonda ambacho hata hukukiona, afu mwili unakakamaa, masikio yamesimama, kile kingozi cha pembeni mwa jicho kinafunika jicho. Sindano mbili zikiachana wiki 4 mpaka 6, afu kila mwaka. Ni rahisi ukilinganisha na kumwangalia farasi akifa hivyo. Kichaa cha mbwa pia, mbwa wa mtaani tunao.

Minyoo nimpe dawa kila mwezi?

Hapana, minyoo inazoea dawa. Peleka mavi mabichi maabara wahesabu mayai, chuo cha mifugo Makerere au ofisi ya mifugo ya wilaya wataelekeza, afu tibu anayehitaji. Ivamektini ya farasi ni ya mdomoni. Ile ya sindano ya ng'ombe ikichomwa kwenye msuli wa farasi imeshaleta majipu mabaya na vifo. Okota mavi malishoni angalau mara mbili kwa wiki, hiyo inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Anadondosha chakula, au kinatoka puani.

Ni mambo mawili. Akidondosha vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu ni meno, yanaota maisha yote na yanakuwa na ncha zinazochana shavu, yasuguliwe mara moja kwa mwaka. Kikitoka puani pamoja na mate, shingo ameinyoosha na anakohoa, amekabwa. Toa chakula na maji, mwache ainamishe kichwa, piga simu, usisukume chochote na mpira wa bustani.

Anasimama kama anaegemea nyuma, kwato zina moto.

Usimtembeze. Huo ni uvimbe ndani ya kwato, laminaitisi, unaletwa na nafaka nyingi, majani machanga ya mvua za Machi au Septemba kwa farasi mnene, au kondo lililobaki tumboni. Weka miguu kwenye maji baridi sana, mwekee mchanga mwingi au maranda ya mbao asimamie, nafaka ziishe leo, dokta aje leo. Farasi mwenye shingo iliyojaa mafuta juu usisubiri afike hapo, mpunguze sasa. Na kwato za kawaida zipunguzwe kila wiki 6 mpaka 8, zisafishwe kila siku, zikinuka na kutoa weusi, ujue bandani kuna unyevu.

Jike wangu ana mimba, nijiandae vipi?

Miezi 11 hivi. Mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo litoke ndani ya saa 3. Kwa ng'ombe kondo tunalisubiri hata mpaka kesho yake, kwa farasi likipita masaa matatu ita dokta, usilivute, lifunge tu lisiburute chini.

Punda wangu afuate haya haya?

Ndugu zangu wa Kapchorwa na Karamoja, mengi ndiyo, sumu ni zile zile. Punda anahitaji chakula kidogo zaidi na cha nyuzi nyuzi, ukimlisha kama farasi ananenepa vibaya. Ila punda aliyekataa kula siku nzima ni mgonjwa sana, mafuta yanajaa kwenye damu haraka, na haonyeshi maumivu kama farasi. Usiseme ni ukaidi.

Dokta yuko mbali na ni usiku. Niwe na nini bandani?

Kipimajoto (37.5 mpaka 38.5 ni kawaida), saa yenye sekunde, tochi, utepe, chumvi ya kuoshea vidonda, bandeji safi, na karatasi ukutani yenye namba za dokta wawili, siyo mmoja, pamoja na uzito wa farasi na tarehe za chanjo. Pumzi kwa dakika ni 8 mpaka 16 akiwa ametulia. Pima haya wakati ni mzima, wiki hii, uandike ya kwake, ili usiku ule dokta akikuuliza kwenye simu uwe na cha kumwambia.